Salum Abdallah wa Morogoro na Safari ya Kuba Isiyofika

Wanaochunguza fasihi ya Kiswahili wamezoea kuzipanga tungo katika safu mbili. Safu ya kwanza ni ya tenzi na mashairi, na humo wamo Mwana Kupona, Muyaka na Shaaban Robert. Tungo hizo husomwa, hufafanuliwa na kutahiniwa. Safu ya pili ni ya nyimbo za ngoma na dansi; hizo huchezwa, husifiwa kwa usiku mmoja, kisha huachiwa wazee wazikumbuke. Mpango huu humrahisishia mwalimu kazi yake, lakini huidhulumu lugha. Watu wengi wa Afrika Mashariki walikutana na Kiswahili fasaha kwa sikio kabla ya kukutana nacho kwa jicho, na sauti iliyowafikishia haikuwa ya mwalimu peke yake. Ilikuwa pia ya mwimbaji wa santuri na redio. Fasihi isiyomtambua mwimbaji huyo imejinyima sehemu kubwa ya ushahidi wake yenyewe.

Miongoni mwa waimbaji wa namna hiyo ni wachache wanaostahili kupimwa kwa makini kama Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba Band ya Morogoro. Alikuwa mwimbaji, mtunzi na mkuu wa bendi kwa wakati mmoja, na jina lake halikosekani katika habari yoyote ya muziki wa dansi wa Tanganyika. Lakini aghalabu husifiwa kwa jambo moja tu: kwamba aliileta rumba ya Kuba katika nchi hii. Sifa hiyo ni kweli nusu, na kweli nusu katika uhakiki hupoteza zaidi ya uwongo mtupu, kwa kuwa hakuna anayejishughulisha kuikanusha. Yanayofuata yakusudia kuonyesha kwamba ukubwa wa Salum Abdallah haukutokana na Kuba aliyoiiga, bali na Kuba aliyoikosa. Alitaka kwenda, hakufika. Na kwa kuwa hakufika, ilimlazimu kukitafuta ndani ya Kiswahili kile alichodhani kiko ng'ambo tu.

Kipimo kitakachotumika hapa si cha ukumbi wa dansi. Ukumbini taa, mavazi na miguu ya wachezaji humsaidia mtunzi, na hata utungo dhaifu hupata kibali. Kipimo cha haki ni msikilizaji wa mbali ambaye hana cha kumsaidia ila maneno na sauti. Mathalan mkulima wa mpunga wa Mtunda, katika nchi ya Kibiti na delta ya Rufiji, ambaye huenda hakupata kuuona mji wa Morogoro wala kusikia Kihispania. Wimbo unaosimama mbele ya msikilizaji huyo umesimama kwa miguu yake mwenyewe.

Salum Abdallah Yazidu alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba yake akiwa mtu mwenye asili ya Uarabuni. Morogoro ya ujana wake ulikuwa mji wa reli na wa mkonge. Reli ya Kati iliuunganisha na Dar es Salaam upande wa mashariki, na Tabora na Kigoma upande wa magharibi. Mashamba ya mkonge yaliwakusanya vibarua wa makabila mengi ambao hawakuwa na lugha ya kuelewana ila Kiswahili. Mji wa namna hiyo humfunza mtunzi jambo ambalo mji wa kabila moja haumfunzi: kwamba neno lazima lieleweke na mgeni aliyeshuka jana kwenye gari moshi. Hapo pia santuri zilifika mapema, na kijana Salum alizipenda za Kuba kupita nyingine zote.

Santuri hizo zilikuwa na historia yake. Mwaka 1933 kampuni ya gramafoni ya Uingereza, yenye nembo ya His Master's Voice, ilianza kutoa mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, nyingi ndani yake zikiwa nyimbo za Kuba zilizokwisha kuuzwa Marekani na Amerika ya Kilatini, kisha zikapelekwa Afrika. Humo ulikuwamo El Manisero, utunzi wa Moisés Simons, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na orkestra ya Don Azpiazu. Zilikuwamo pia nyimbo za Sexteto Habanero na za Trio Matamoros. Wasikilizaji wa Leopoldville, wa Mombasa na wa Dar es Salaam walizipokea kwa furaha moja, na wote walikuwa na upungufu mmoja: Kihispania hawakukijua. Waliushika mdundo, wakalishika gitaa, wakaishika sauti ya mwimbaji, lakini maana iliwapita. Kwao wimbo ulikuwa nyumba nzuri iliyofungwa mlango.

Waimbaji wengine waliridhika kukaa barazani pa nyumba hiyo. Waliimba silabi zilizofanana na Kihispania, na watu wakacheza. Salum Abdallah alitaka kuingia ndani. Masimulizi ya maisha yake husema kwamba katika miaka ya 1940 alitoroka kwao kwa nia ya kusafiri mpaka Kuba, akafika Mombasa, na safari ikaishia hapo kwa sababu ya mambo ya vita. Akarudi Morogoro. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kichekesho cha ujana, lakini mhakiki hana budi kukichukua kwa uzito zaidi. Lau angalifika Havana, yamkini angalirudi akiwa mpigaji hodari wa nyimbo za watu wengine. Aliporudi mikono mitupu alikuwa na hamu ile ile, na hakuwa na chombo cha kuitimizia hamu hiyo ila lugha ya mji wake. Na hapana budi kukumbuka pia kwamba Mombasa, mji uliomzuia, ndio uliokuja kumtangaza: baadhi ya santuri zake zilitolewa huko kwa nembo ya Mzuri, iliyokuwa mali ya kampuni ya Assanand. Bandari iliyokataa kuupeleka mwili wake ng'ambo iliipeleka sauti yake katika nchi zote za Kiswahili.

Njia aliyoipita toka kuiga hadi kutunga yasomeka katika majina matatu. La kwanza ni La Paloma, jina la bendi aliyoianzisha mwaka 1948. Maana yake katika Kihispania ni njiwa, nalo ni jina la wimbo mashuhuri wa Sebastián Iradier, Mhispania wa karne ya 19, aliyeutunga katika mwendo wa habanera, yaani mwendo uliochukua jina lake katika mji wa Havana. Jina hili limeazimwa zima zima. Anayelisikia pasipo kujua Kihispania hapati njiwa wala manyoya. Hata hivyo ni ajabu njema kwamba jina lililookotwa bila maana lilikuwa la ndege, kwani malenga wa Kiswahili tangu zamani humtuma ndege kupeleka salamu mahali ambapo mwenyewe hawezi kufika. Kijana aliyeshindwa kuvuka bahari aliipa bendi yake jina la mjumbe.

Jina la pili ni Cuban Marimba, ambalo bendi ililichukua mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nusu ya jina hili bado ni ya ugenini, lakini nusu ya pili imekwisha kurudi nyumbani. Marimba ni neno la Kibantu, na kiambishi chake cha mwanzo chatosha kumjulisha mwanafunzi wa sarufi. Neno hilo lilivuka Atlantiki pamoja na watumwa, likaenea Amerika ya Kati hata likawa jina la ala ya taifa la Guatemala; na huko Kuba likabaki katika marímbula, sanduku lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole, jamaa ya ala za vidole zinazojulikana katika sehemu nyingi za Afrika. Kwa hiyo jina la bendi ya Morogoro lilikuwa na safari mbili ndani yake: neno lililokwenda bila hiari, na neno lililorudi kwa mapenzi. Haina haja kudai kwamba Salum Abdallah aliyajua haya yote alipolichagua. Lugha hukumbuka mambo ambayo msemaji ameyasahau.

Jina la tatu ni la wimbo: Ngoma Iko Huku. Hapa ugeni umekwisha. Jina si nomino iliyoazimwa, ni sentensi timamu ya Kiswahili, yenye kiima, kitenzi na mahali. Kila neno lina kazi. Mtunzi hakusema dansi wala rumba. Alisema ngoma, neno linalokusanya chombo, mchezo, wimbo na mkutano wa watu. Na hakusema hapa, akauonyesha ukumbi mmoja. Alisema huku, neno la eneo lisilo na mipaka mikali, linalomkaribisha msikilizaji aje upande wa msemaji. Katika mashindano ya bendi za Morogoro jina hilo lilikuwa majigambo yaliyo wazi: ngoma haiko kwa wapinzani. Lakini msomaji anayekumbuka safari ya Mombasa husikia tamko jingine chini ya lile la kwanza. Kijana aliyeamini kwamba ngoma iko Kuba amekuwa mtu mzima, na sasa atangaza iko wapi. Haikosi maana kwamba baadaye kampuni ya Dizim ya Ujerumani, ilipokusanya nyimbo zake za miaka ya 1955 hadi 1965, ilichagua maneno hayo kuwa jina la mkusanyo mzima.

Yuko atakayeuliza kama tamko hilo ni la haki, maadam mdundo wenyewe ulitoka Kuba. Jibu lake lahitaji kukumbuka mdundo huo ulifikaje Kuba. Watu wa Kongo walipelekwa kisiwani humo kwa wingi wakiwa watumwa, na ngoma zao huitwa ngoma huko mpaka leo katika mila za kizazi chao. Katika karne ya 19 walipelekwa pia watu wa pwani ya Msumbiji, hasa Wamakua, ambao Wakuba waliwaita Macuá. Nao ni ndugu wa Wamakua wanaoishi kusini mwa Tanzania. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886 tu, miaka 42 kabla ya kuzaliwa kwa Salum Abdallah. Mtu wa delta ya Rufiji ana njia ya kulifahamu jambo hili ambayo mtu wa bara hana. Katika delta ile, yenye mikoko iliyotanda juu ya hektari 50,000 na zaidi, maji hayaendi upande mmoja. Mto hushuka baharini, na bahari ikijaa huusukuma mto urudi nyuma katika mifereji yake. Na mkulima wa mpunga sharti ajue saa ya maji matamu na saa ya maji ya chumvi. Maji yanayorudi si yale yale yaliyokwenda, yamechanganyika. Walakini hayawi maji ya mgeni. Nyimbo za GV zilirudi Afrika kwa namna hiyo. Kuziita za kigeni ni kosa, na kuziita za kwetu kama kwamba hazikupata kuondoka ni kosa la pili.

Baada ya majina yafaa kuangalia umbo. Wimbo wa Kuba wa aina ya son una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwimbaji mmoja anayeeleza habari yake kwa beti. Ya pili, iitwayo montuno, ni ya majibizano, mwimbaji akitupa neno na wenzake wakirudisha kiitikio kile kile. Mtu aliyelelewa na ngoma za pwani na za Uluguru hakuwa na la kujifunza katika sehemu ya pili. Mwanzilishi na waitikiaji anawajua tangu utoto, katika ngoma za arusi na za kuwatoa wali. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyohitaji mtunzi, maana ndiyo inayodai beti zenye habari, zenye vina na zenye mwisho. Hapo Kiswahili kilikuwa na hazina tayari, na mtunzi wa dansi aliweza kuchota kwa malenga bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kuna ulinganifu mmoja katika umbo ambao wanafunzi wa arudhi wanastahili kuufikiri. Muziki wa Kuba huongozwa na vijiti viwili vinavyogonganishwa, viitwavyo klave. Mzunguko wake mmoja hugawanyika katika mapigo madogo 16, yaliyo katika nusu mbili za mapigo 8. Nusu moja hupokea magongo 3, nusu nyingine 2. Mshororo wa shairi la Kiswahili la kawaida una mizani 16, nao hukatwa katikati kuwa vipande viwili vya mizani 8. Ulinganifu huu si ushahidi wa asili moja, na mwimbaji haweki silabi moja juu ya kila pigo. Huvuta hii na kuibana ile. Lakini waeleza kwa nini beti za Kiswahili hazikuonekana zimevikwa nguo ya kuazima zilipoingia katika mdundo wa Kuba. Kituo cha katikati ya mshororo kilikuta kituo cha katikati ya mzunguko, na sikio la msikilizaji likatulia.

Lilikuwako pia sharti la chombo. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, na ndogo ya mizunguko 45 iliyoifuata, ilichukua kiasi cha dakika tatu kwa kila upande. Mtunzi wa utenzi aliweza kujipa beti mia. Mtunzi wa santuri alipewa beti chache na kiitikio. Sharti hili liliwaharibu wengi, wakajaza nafasi kwa jina la mpenzi na mlio wa gitaa. Salum Abdallah alilifanya kuwa nidhamu. Aliingia katika habari mara moja, bila utangulizi. Angalia jina la wimbo wake Shemeji Shemeji. Neno moja lililorudiwa limekwisha kumpa msikilizaji watu wawili, ndoa iliyowaunganisha, mipaka ya heshima na ruhusa ya utani. Na kule kulirudia tu kwaonyesha kuwa lipo jambo linaloombwa au linaloonywa. Mwandishi wa hadithi angalihitaji ukurasa mzima kuyaeleza hayo. Huo ndio ufupi ambao Waswahili huusifu katika methali na kusahau kuusifu katika wimbo wa dansi.

Sasa kipimo cha Mtunda. Mpaka mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa, msafiri wa kwenda kusini aliuvuka mto Rufiji kwa pantoni huko Ndundu, na mvua kubwa zilipozidi barabara ya Kibiti haikuwa ya kutegemea. Bendi yenye magitaa na vyombo vizito haikuwa na urahisi wa kufika. Iliyofika ni sauti. Sauti ya Dar es Salaam ilianza matangazo mwaka 1951, ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965; na santuri zilisafiri katika mizigo ya wafanya biashara na ya vijana waliorudi toka mjini. Msikilizaji wa delta husema Kindengereko kwa jamaa zake, husikia Kiarabu msikitini, na Kiswahili ndicho chake cha sokoni, cha shuleni na cha redio. Kwa mtu huyo Kihispania cha kubuni ni kelele, na misemo ya vijana wa mjini ni kelele pia. Lakini ngoma, shemeji, na huku ni maneno yake. Salum Abdallah aliimba Kiswahili kisicho cha kabila wala cha mtaa mmoja, wala hakukipamba mpaka kikawa kigumu. Lugha iliyowaunganisha vibarua wa mkonge wa Morogoro ikawafaa wakulima wa mpunga wa Rufiji. Katika hili mwimbaji wa dansi alifanya kazi ile ile waliyokuwa wakiifanya wenye kamusi na sarufi, na aliifanya kwa watu ambao kamusi haikuwafikia.

Kazi hiyo haikuwa mbali na mambo ya nchi. Wakati wa kupigania Uhuru wimbo na siasa vilikaa nyumba moja, na historia ya Rufiji inatoa mfano ulio wazi. Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU tangu mwaka 1955, kabla ya hapo alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha lelemama cha Bomba, Dar es Salaam. Na vikundi vya ngoma vya wanawake ndivyo vilivyompa watu wa kwanza wa kuwaandikisha katika chama. Baadaye alikuwa mbunge wa Rufiji, kiti alichokipoteza katika uchaguzi wa mwaka 1965. Mwanzilishi wa ngoma na mhutubu wa mkutano walikuwa mtu mmoja. Katika mwanga huo wimbo wa Salum Abdallah uitwao Wanawake wa Tanzania wapata mahali pake. Jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964, na mtunzi alifariki Novemba 1965. Basi wimbo ulioitwa kwa jina hilo ni wa miezi yake ya mwisho. Mtu aliyeanza kwa kuipa bendi yake jina la njiwa wa Kihispania alimaliza kwa kulitia katika wimbo jina la nchi yake likiwa bado jipya midomoni, na aliowataja pamoja nalo ni wanawake, wale ambao ngoma zao ziliisaidia nchi hiyo kuzaliwa.

Uhakiki wa haki hautaji sifa peke yake. Bendi za wakati huo ziliishi kwa viingilio vya ukumbini na kwa upendeleo wa mashabiki, na mtunzi alitakiwa kuimba pongezi, majigambo na majibu kwa wapinzani wake. Nyimbo za namna hiyo huzeeka pamoja na tukio lililozizaa. Msikilizaji wa leo huhitaji maelezo kabla ya kucheka. Ushindani wa Cuban Marimba na Morogoro Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1944, uliunoa ulimi wa Salum Abdallah, lakini pia ulitumia nguvu ambazo zingaliweza kutumika kwingine. Kasoro ya pili ni ya ule ufupi uliosifiwa hapa. Wimbo wa dakika tatu waweza kuliweka jambo mbele ya msikilizaji. Hauwezi kulifuata mpaka mwisho wake. Kazi hiyo iliachiwa kizazi kilichofuata, na hasa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa mwaka 1944 na kuingia Morogoro Jazz mwaka 1965, mwaka ule ule wa msiba wa Salum Abdallah. Nyimbo nyingi za Mbaraka zilijaza pande mbili za santuri, sehemu ya kwanza na ya pili, na humo hadithi ilipata nafasi ya kutembea. Hata hivyo Mbaraka hakuanza jangwani. Alikuta hadhira iliyokwisha kufunzwa kusikiliza maneno katika dansi, na aliyeifunza hadhira hiyo katika mji wa Morogoro ni Salum Abdallah kabla ya wengine.

Ajali ya gari ilimwua Salum Abdallah akiwa na miaka 37. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, naye alikuwa mwimbaji wa sifa zake mwenyewe. Mbaraka naye alikufa kwa ajali ya gari, karibu na Mombasa, Januari 1979. Watunzi wawili wakubwa wa mji mmoja waliondoka bila kuacha diwani. Muyaka alipata watu wa kuyaandika mashairi yake kutoka katika kumbukumbu za wazee wa Mombasa, na bila wao fasihi ya Kiswahili leo isingalikuwa na Muyaka ila jina. Watunzi wa dansi wameachiwa mashine. Watu hudhani kwamba maadam sauti imehifadhiwa katika santuri au kanda, utungo umehifadhiwa pia. Dhana hiyo ni ya hatari. Santuri huchubuka, kanda huoza, na hata zinaposalimika, neno lililosikika wazi mwaka 1960 huwa fumbo kwa mtu aliyezaliwa miaka 40 baadaye, kwa kuwa hajui ni tukio gani lililotajwa wala ni nani aliyekuwa akijibiwa.

Basi kazi inayowangojea wanafunzi wa Kiswahili ni ya kawaida sana, na kwa ajili hiyo imeachwa. Nyimbo zisikilizwe na kuandikwa, beti zitengwe na kiitikio, vina na mizani vihesabiwe pale vilipo na kukosekana kwake kusemwe pale visipokuwapo. Mahali ambapo neno halisikiki vizuri pasijazwe kwa kukisia. Wazee waliocheza dansi hizo waulizwe, na majibu yanayopingana yaandikwe yote. Kisha kazi isiishie Morogoro. Yafaa ifike Kibiti na Mtunda, ambako waanzilishi wa ngoma bado hutupa neno na kupokewa, ili ijulikane ni kwa kiasi gani majibizano ya santuri yalifuata sheria za ngoma na ni wapi yaliziacha. Mwenye kwenda huko aende kwa adabu, kwa sababu ngoma za unyago zina siri zake na hazikutungwa kwa ajili ya watafiti. Yaliyo ya hadhara yatosha kwa mwanzo.

Kazi hiyo ikifanyika, huenda hukumu iliyotolewa hapa juu ya Salum Abdallah ikaonekana ndogo mno au kubwa mno. Hilo si neno. Uhakiki huendelea kwa kusahihishwa, lakini hauwezi kusahihishwa mahali ambapo hapana maandishi. Kwa sasa yatosha kusema kwamba mtu huyu alisikia nyimbo ambazo maana yake ilifungwa kwake, akataka kuifuata maana hiyo ng'ambo ya bahari, akazuiwa, akarudi kuitunga mwenyewe kwa lugha ambayo mkulima wa Rufiji aliweza kuielewa bila mkalimani. Fasihi iliyompa nafasi malenga aliyetumwa na mfalme haina sababu ya kumnyima nafasi malenga aliyetumwa na santuri.